Marufuku Kufa Kabla ya Alhamisi

Kioo hakikupata ukungu.

Wasomaji wangu, wiki nzima tangu sehemu iliyopita mmemwacha mzee wa watu kitandani, kioo cha mkwewe kikiwa kimemgusa pua. Leo tumwondolee.

Lavinia, mkwe mwenyewe, alikigeuza, akakifuta kwa kiwiko cha gauni la hariri, akakirudisha. Hakuna kitu. Akapiga ukelele uliowaamsha kunguru kwenye paa.

"Peregrine! Njoo! Hapumui!"

Peregrine alipanda ngazi mbilimbili, kitambaa cha mezani kikiwa bado shingoni na ute wa yai kidevuni. Miaka hamsini na miwili, tumbo la mbele, nywele za pembeni. Akamtazama baba yake aliyelala kimya, akasema maneno ambayo ningeyachonga juu ya kaburi lake:

"Hawezi kufa leo! Leo ni Jumatatu!"

"Si umwambie yeye."

"Baba! Baba, unanisikia? Ni Jumatatu!"

Mzee alisikia kila neno. Alikuwa amebana pumzi makusudi. Mtu ukiwa na miaka themanini na moja, macho yana utando, mbweha umewaachia wengine wawafukuze, unabaki na mchezo gani? Lodi Wendlecote alitaka tu kujua wanawe watasema nini juu ya maiti yake. Alitegemea chozi, mjinga yule. Akapewa kalenda.

"Kama umemaliza kujitazama, Lavinia," alisema bila kufumbua macho, "ondoa hicho kioo. Kina baridi."

Lavinia alikaa kitako kwenye zulia. Peregrine akapiga magoti, akabusu mkono wa baba yake, yai na kila kitu.

Sasa niwaambie mapenzi hayo yalitoka wapi, maana hayakuwepo mwezi uliopita. Peregrine alikuwa anafika nyumbani mara mbili kwa mwaka: Krismasi, na msimu wa kupiga ndege bunduki. Tena ndege walimwona zaidi kuliko baba yake. Lakini tangu daktari aseme moyo wa mzee umebaki uzi mtupu, na kwamba akisimama tu kwa miguu yake uzi utakatika, mkwe mtu anamlisha mchuzi kwa kijiko kwa mkono wake mwenyewe. Mkono ambao hata chumvi haujawahi kuipitisha mezani.

Siri iko hivi. Peregrine watu wanamwita Lodi Halse kwa hisani ya baba yake tu. Kisheria ni raia wa kawaida kama muuza samaki, ndiyo maana amekaa miaka ishirini Bunge la Chini akipayuka. Siku baba akikata roho, dakika hiyohiyo mtoto anakuwa Lodi wa kweli, anatupwa Bunge la Mabwana pamoja na vikongwe wenzake wanaokoroma. Kiti chake cha chini kinakuwa wazi. Hakuna kuomba wala kukata rufaa.

Na Alhamisi hii Peregrine anatoa hotuba ya kuiangusha serikali. Kura zimebanana, wanahesabu kichwa kwa kichwa. Atakayeiangusha ndiye atakayeitwa kwa Malkia kuunda mpya. Baada ya hapo baba anaweza kufa kadiri apendavyo, Waziri Mkuu anaruhusiwa kukaa bunge lolote. Ila kuiangusha, ni lazima ukiwa chini.

Kwa hiyo mzee alikatazwa kufa kabla ya Alhamisi.

"Nina shida moja," mzee akasema.

"Sema, Baba! Chochote! Mvinyo? Mbwa wako waletwe juu?"

"Nataka kumwona Hester."

Chumba kikapoa. Lavinia akainuka zuliani taratibu kama mtu aliyekalia kitu.

"Hester yupi? Yule wa meno?"

"Mimi nina Hester mmoja."

"Baba," Peregrine akajikohoza, "ni wewe mwenyewe uliyemfukuza."

Ni kweli, na mzee hakuhitaji kukumbushwa. Miaka kumi na moja iliyopita binti yake alimwambia anaolewa na Tuckwell, mng'oa meno wa pale mjini, mtu anayetundika dirishani meno ya watu kama shanga. Mzee alimsimamisha ukumbini mbele ya watumishi thelathini waliopangwa mstari, akanguruma: usikanyage nyumba hii nikiwa hai. Hester akainamisha kichwa, akaondoka. Na hakukanyaga. Mama yake alipozikwa, alisimama nje ya geti kwenye mvua. Mzee alimwona kutoka ndani ya gari la farasi. Akamwambia dereva aongeze mwendo.

Usiku gani hajamwona tena pale getini? Hakuna.

"Nimemfukuza mimi, namwita mimi," alisema. "Aje kabla ya Alhamisi. La sivyo nakufa Jumanne."

"Baba, mtu hachagui siku!"

"Sisi akina Wendlecote tumechagua kila kitu tangu enzi za mababu. Tumechagua mpaka wachungaji. Siwezi kushindwa na siku." Akafunga mdomo. Lavinia alipoleta kijiko, meno mawili yaliyobaki yalikuwa yamebanwa kama mlango wa jela.

"Haya, haya!" Peregrine akapiga kelele. "Namwandikia leo leo! Kula, Baba, nakusihi!"

Mzee akala. Jumatatu akala, Jumanne akala, akamaliza bakuli mpaka mwisho kama mtoto aliyeahidiwa safari.

Jumatano saa nne asubuhi, mlango ukafunguliwa.

"Baba, mgeni wako huyu hapa," Lavinia akaimba. "Hester amefika."

Moyo wa mzee uliruka. Aliona kivuli cha mwanamke mrefu, akasikia gauni likiburuzika. Kisha akasikia kingine. Ko! Ko! Magoti mawili, yamelia kama kuni kavu.

Mgeni amempigia Lavinia goti pale mlangoni.

Mzee akalala tuli. Hester? Hester ampigie goti Lavinia? Mara ya mwisho wawili hao kukaa meza moja, Hester alimwita wifi yake ngamia mbele ya askofu. Katika nyumba ile wanaopiga goti ni wanaolipwa mshahara, na wanapiga bila kufikiri, kama wewe unavyopepesa jicho.

"Karibu, mwanangu," alisema kwa upole wa kutisha. "Mume hajambo?"

"Hajambo, Bwana Mku... Baba."

"Vizuri. Na wajukuu zangu, hesabu wanaziwezaje siku hizi?"

"Hawaziwezi kabisa, Bwana Mkubwa, yule mdogo hata kujumlisha..." Mwanamke akajiziba mdomo.

"Ahsante, Bi Tidmarsh," mzee akasema.

Alikuwa mwalimu wa watoto wa Peregrine, mwanamke wa watu, analala chumba cha juu chenye panya. Akaangua kilio. "Walisema nisipokubali nafungasha leo leo, Bwana Mkubwa. Mimi sina pa kwenda!"

"Usilie. Katika nyumba hii leo ni wewe tu uliyenijibu ukweli. Nenda kafundishe kujumlisha."

Bi Tidmarsh akatoka mbio. Mzee akageuza uso upande wa kivuli kilichobaki.

"Barua haikuandikwa."

"Haikuandikwa na haitaandikwa," Lavinia akajibu. Sauti ya mchuzi na kijiko ilikuwa imekwisha. "Hivi unataka nini, Baba? Wiki ambayo Peregrine anaitwa kwa Malkia, magazeti yaandike dada yake anashika bakuli la watu kutemea damu?"

"Nusu ya mawaziri wake wanatafuna kwa meno ya bandia ya Tuckwell."

"Wanatafuna, lakini hawasemi! Ndiyo tofauti ya watu wenye adabu." Akapanga mto vizuri, akaupigapiga. "Goma kula ukitaka. Siku tatu umekula vizuri sana, utafika Alhamisi bila wasiwasi. Daktari kasema."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomuuma mzee. Wamemnenepesha kwa ahadi, kama bata.

Alhamisi Peregrine alipanda treni ya asubuhi kwenda London, koti jipya, ua kifuani, hotuba ya kurasa arobaini mfukoni. Alimuaga baba yake kwa kumshika mshipa wa mkono. Siyo mkono. Mshipa.

"Unadunda," alimwambia mkewe kwa furaha, akaondoka.

Mlangoni akawekwa Grimsditch, mtumishi mkuu. Asiingie mtu, isitoke barua. Kufika mchana mzee alimwita.

"Grimsditch, peleka ujumbe kwa Hester."

"Siwezi, Bwana Mkubwa."

"Kwa nini?"

"Lodi Halse ameniahidi ile nyumba ya bustanini nikizeeka. Na mimi nimeshazeeka, Bwana Mkubwa."

"Miaka arobaini nimekulisha."

"Kweli kabisa. Na mimi miaka arobaini nimekuvisha soksi."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Angalau huyu alikuwa anauza kwa bei inayojulikana.

"Basi shusha mapazia. Jua linanichoma."

Grimsditch akatazama madirisha.

"Ya mbele, Bwana Mkubwa? Hapana. Nitanyongwa. Mapazia ya mbele yakishuka mchana, kijiji kizima kitajua... kitadhani kwamba..." Akashindwa kulitaja neno kifo. "Halafu kuna bwana mmoja wa wapinzani amepanga chumba pale kwenye nyumba ya wageni, dirisha linatazamana na hili. Tangu Jumapili ana darubini. Hata chai anainywea hapohapo."

"Ahaa," mzee akasema.

"Ngoja nikuletee mchuzi, Bwana Mkubwa."

"Nenda. Usiharakishe, mimi nipo."

Hatua za Grimsditch zikashuka ngazi. Mzee akabaki amekodolea dari macho yake yasiyoona vizuri. Nikiwa hai, ndivyo alivyomwambia binti yake. Usikanyage nikiwa hai. Na yule mtoto ni mkaidi kama yeye, neno amelishika miaka kumi na moja bila kulipunguza hata herufi.

Basi afe kidogo.

Akatupa blanketi. Miguu miwili myeupe, myembamba, ikagusa zulia. Uzi, alisema daktari. Mzee akasimama, na ule uzi ukalia kifuani mwake kama kamba ya kengele. Hatua moja. Mbili. Akashika kiti. Tatu, nne, tano. Kijasho cha baridi kikamtiririka mgongoni. Hatua ya tisa aliona giza tupu, akasimama akimtukana Peregrine kwa sauti ya chini, matusi ya zizini, na matusi yakampa nguvu ya hatua tano nyingine.

Dirisha la kwanza. Akavuta kamba. Pazia likaanguka, pwaa!

La pili. Pwaa!

La tatu alining'inia kwenye kamba kwa uzito wake wote, maana mikono ilishagoma. Likashuka, naye akashuka nalo, akaangukia kiti cha mkono kilichokuwa pembeni.

Bustanini mtu mmoja alivua kofia. Kule kwenye nyumba ya wageni darubini ilianguka sakafuni, na bwana mmoja alikimbilia posta ya telegramu akiwa hana koti.

Halafu kengele ya kanisa ikaanza kutangaza msiba. Mapigo tisa ya kwanza, maana yake aliyekufa ni mwanamume. Kisha ikaanza kuhesabu miaka ya marehemu, pigo kwa mwaka. Mzee alikaa gizani akijisikiliza anavyokufa. Ilipofika hamsini akawaza, hapa ndipo nilipomfukuza? Hapana, sabini. Nilikuwa mtu mzima. Sina hata kisingizio.

Pigo la themanini na moja lilimkuta Lavinia mlangoni, kofia upande, na nyuma yake Grimsditch na bakuli la mchuzi.

"Umefanya nini!"

"Nimekufa," mzee akajibu. "Punguza sauti."

Lavinia alirukia dirisha, akapandisha pazia moja, akatoa leso akaipunga kwa nguvu kwa watu waliojaa chini. "Yupo! Mzima! Yupo!" Kioo cha dirisha ni kinene. Walichokiona kule chini ni mkwe aliyechanganyikiwa kwa uchungu, anapunga leso na kulia. Wanawake wakaanza kulia naye. Mwenye baa akasema hakujua kama yule mama ana moyo. Lavinia akashusha lile pazia kwa hasira, maana walikuwa wanamtazama.

Haikupita saa, telegramu ikapanda kwenye sinia. Aliisoma kwa sauti bila kujua anaisoma kwa sauti:

"Spika kanikatiza ukurasa wa tatu. Wanasema mimi si mbunge. Nimetolewa nje, nipo koridoni. Baba kafa? Kura saa moja jioni. Jibu upesi."

"Ukurasa wa tatu!" mzee akafurahi. "Wamepona kurasa thelathini na saba."

Lavinia alimpigia magoti. Hayakulia, magoti ya watu wasiopiga goti hayalii.

"Baba. Mchungaji anapanda ngazi kuja kutoa pole. Ongea naye. Neno moja tu! Akikusikia kwa masikio yake, naye akipeleka telegramu kwa Spika, watamwamini. Neno moja, Baba, Peregrine anarudi ndani!"

"Sina neno la Peregrine."

Hapo ndipo sauti ikasikika kutoka ukumbini. Sauti nene ya mwanamke, haikupandishwa wala haikutetemeka.

"Nipisheni."

"Lakini, Bi Hester, tumeamriwa..."

"Aliyeamuru amekufa. Nipisheni."

Hatua zikapanda, viatu vizito vya kazi, na nyuma yake mkururo wa watumishi wanaolia kwa jicho moja na kuchungulia kwa jingine. Mlango ukasukumwa. Mzee aliona umbo la mtu aliyesimama wima pale kizingitini. Halikupiga goti. Lilinuka dawa ya karafuu, ile ya meno.

Akamjua.

Alikuwa ametembea hatua kumi na nne kuelekea kaburini kwa ajili ya dakika hii. Na unajua neno la kwanza lililomtoka ni lipi? Damu ya akina Wendlecote hiyo, inanuka mpaka mwisho:

"Umechelewa."

Nje ya mlango watumishi wakashtuka, mmoja akaangusha mshumaa. Maiti imeongea, lakini kwa mnong'ono mdogo kiasi kwamba Mchungaji, aliyekuwa bado kwenye ngazi anahema, hakusikia.

Hester hakulia. Alimtazama yule mzee aliyejikunja kitini kwenye giza lake la kujitengenezea.

"Nilikuwa na mtu kitini," alisema. "Jino la nyuma. Nimemwacha nusu." Akavuta pumzi. "Kumbe u hai."

"Hester..."

"Basi nimevunja amri yako. Nisamehe, nilidanganywa na kengele." Akageuka, akampa mgongo, mkono ukashika kitasa. Kisha akasimama. "Ulinifukuza mbele ya hawa, Baba. Wote wapo hapa nje, wengine wamezeeka. Nirudishe mbele yao. Mimi sitaki kingine. Neno moja tu nilisikie, nijue kama nakaa au naenda kumalizia jino la mtu."

"Ndiyo, Baba, sema!" Lavinia akadakia, macho kwa Mchungaji aliyekuwa sasa amefika mlangoni, mbele ya Hester. "Sema chochote! Mchungaji anasikiliza!"

Mzee alifungua mdomo. Alijua neno analolitaka. Ni neno dogo, watu wanalitumia wakikanyagana sokoni. Yeye miaka themanini na moja hajawahi kulitamka, hata kwa mkewe, hata kwa Mungu alikuwa analipitisha haraka kwenye sala. Alilitafuta, akalipata, akalileta mpaka kwenye ulimi.

Ulimi haukuinuka.

Ni kiburi, alijiambia. Jikaze, mjinga wewe. Akajikaza. Upande wa kushoto wa mdomo ukateremka, polepole, kama pazia la nne. Alipotaka kuukamata kwa mkono wa kushoto, mkono ulikuwa umelala pajani kama wa mtu mwingine.

Siyo kiburi. Uzi.

Chumba kilikuwa giza. Hester amempa mgongo, hataki uso wake uonekane. Mchungaji haoni zaidi ya bega la Hester. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa karibu vya kutosha kuuona ule mdomo ukienda upande, na huyo alikuwa Lavinia.

Aliuona. Akaelewa. Na yule mwanamke ambaye siku nne alishika kioo na kijiko, alifikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri maishani mwake.

Alisogea, akasimama katikati ya mzee na mlango, gauni lake lote likamfunika. Akainama kama anayesikiliza. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akainuka na kusema kwa sauti iliyofika mpaka kwa mpishi wa mwisho kule ngazini:

"Amesema. Mchungaji, wewe ni shahidi, yu hai na ana akili zake, kampelekee Spika telegramu. Amesema binti yake aondoke, asirudi tena."

"Mungu mkubwa," Mchungaji akasema. "Naenda posta sasa hivi."

Hester hakugeuka. Mabega yake yalishuka kidogo tu, kama mtu aliyetua mzigo mahali alipojua atautua.

Nyuma ya gauni la Lavinia mzee alikuwa amebakiwa na kitu kimoja kinachomtii duniani, mkono wake wa kulia. Akauinua.

Kitasa kikazunguka mkononi mwa Hester.